Nyumba iliyotoka rehani kabla ya wakati wake

SIFA njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunalizungumzia jambo lililomo ndani ya nyumba nyingi za Waislamu lakini ambalo ni nadra kutajwa kwa sauti. Jambo lenyewe ni deni la nyumba hiyo hiyo tunayoswalia, tunayofturu na tunayolea watoto ndani yake.

Kisa tunachokieleza ni cha mume na mke wa Tanga. Mume ni karani katika kampuni inayotoa mizigo bandarini, na mke ni muuguzi. Wameomba majina yao yasitajwe, na haki yao hiyo tumeiheshimu. Tutawaita Karani na Muuguzi, kwa kazi zao. Walikopa benki wakanunua nyumba kwa mkopo wa miaka 15, kisha wakaumaliza kwa muda unaokaribia miaka 11, bila ya urithi wala bahati nasibu, na bila ya mshahara kuongezeka kwa kiasi cha kushangaza. Tumewauliza walifanyaje, na wametueleza pamoja na makosa yao.

Tangazo la msikitini

Desturi ya mwambao wetu inajulikana. Jeneza likishawekwa mbele ya safu, kabla ya imamu kuhirimia swala, husimama mtu wa familia akatangaza kwamba mwenye kumdai marehemu awaendee warithi, na mwenye uwezo wa kusamehe asamehe. Tangazo hilo tumelisikia mara nyingi hata masikio yamelizoea. Lakini siku moja ya Januari 2015 Karani alikuwa amesimama katika safu ya tatu, na maiti aliyekuwa mbele yake alikuwa rafiki yake wa kazini, mtu wa umri wake.

"Baada ya maziko tukakaa barazani," anasimulia. "Wakaanza kuja watu. Mmoja anadai laki mbili, mwingine milioni. Mwisho wakaja na barua ya benki. Mjane hakuwa na habari yoyote. Alikuwa ndani ya eda, na pale pale akajua kwamba nyumba aliyoketi imo rehani. Nilirudi nyumbani sikula. Nilijiuliza: mimi nikifa usiku huu, mke wangu atajua nini?"

Jibu lilikuwa kwamba asingejua kitu. Muuguzi alifahamu kuwa kuna mkopo, kwani alitia saini yake ya ridhaa kama sheria inavyotaka mke afanye nyumba ya ndoa inapowekwa rehani. Asilolijua ni kiasi kilichobaki, wala kiwango cha riba, wala kama mkopo ule una bima ya kulifuta deni iwapo mkopaji atafariki. Alikuwa ametia saini karatasi za Kiingereza akiwa amevaa sare za kazi, katika mapumziko ya mchana.

Usiku ule mume alizitoa karatasi zote kabatini akazitandaza juu ya mkeka. Mke alizisoma moja baada ya moja hadi saa sita. Kisha akasema maneno ambayo mume hajayasahau mpaka leo: "Mume wangu, sikulaumu kwa kukopa. Nakulaumu kwa kunificha. Jambo la riba lingetuhusu sote wawili mbele ya Mwenyezi Mungu, nawe ulilibeba peke yako kama kwamba mimi ni mgeni humu ndani."

Miaka mitano, na deni pale pale

Asubuhi yake walifuatana hadi benki kuomba taarifa ya mkopo. Hapo ndipo walipopata mshtuko wa pili.

Walikopa shilingi milioni 30 mwezi Januari 2010, kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, na rejesho la kila mwezi lilikuwa shilingi 419,876. Kufikia Januari 2015 walikuwa wamelipa marejesho 60, yaani zaidi ya shilingi milioni 25. Wakadhani deni limebaki kama milioni tano, au tuseme milioni kumi pamoja na riba. Karatasi ya benki ilionyesha kwamba wanadaiwa shilingi milioni 26 na ushei. Katika milioni 25 walizotoa, zilizopunguza deni lenyewe hazikufika milioni nne. Nyingine zote zilikuwa riba.

Msomaji atasema kuwa hapo pana udanganyifu. La, ni hesabu tu, na hapana budi kila familia yenye mkopo wa namna hii iielewe. Benki hutoza riba kila mwezi juu ya deni lililobaki. Mwezi wa kwanza deni ni milioni 30, na riba ya asilimia 15 kwa mwaka ikigawanywa kwa miezi 12 huwa shilingi 375,000. Ukilipa 419,876, kwanza huchukuliwa hizo 375,000, na kinachobakia, yaani shilingi 44,876, ndicho kinachopunguza deni la msingi. Mwezi wa pili deni limepungua kidogo mno, basi na riba hupungua kidogo mno. Mambo huenda hivyo kwa mwendo wa kobe, hata miaka ya mwisho ndipo sehemu kubwa ya rejesho inapoingia katika deni lenyewe. Mkopo ule ungeendelea hadi mwisho wake, Januari 2025, familia ingekuwa imelipa zaidi ya shilingi milioni 75 kwa nyumba ya milioni 30.

Lakini hesabu hiyo hiyo inayomkandamiza mkopaji ina mlango wa kutokea. Kila shilingi inayolipwa juu ya rejesho la kawaida, ikielekezwa kwenye deni la msingi, hupunguza deni moja kwa moja na kuzuia riba ambayo ingetozwa juu yake kila mwezi hadi mwisho wa mkopo. Riba ya miezi ijayo haijawa deni bado. Huzaliwa mwezi hadi mwezi, na deni la msingi likipungua haizaliwi.

Tuchukue mfano wa mkopo huu huu. Lau tangu mwezi wa kwanza wangeongeza shilingi 50,000 tu kila mwezi, mkopo wa miezi 180 ungeisha kwa miezi 129, na wangeokoa takriban shilingi milioni 15. Lau wangeongeza 150,000, ungeisha kwa miaka saba na miezi michache. Kadhalika, laki tano iliyolipwa kwa mkupuo mwezi wa kwanza ingefuta marejesho ya miezi 10 ya mwisho, ambayo ni zaidi ya shilingi milioni nne. Laki tano hiyo hiyo ikilipwa mwaka mmoja kabla ya mkopo kwisha huokoa chini ya laki moja. Mwenye kuchelewa asikate tamaa, lakini na mwenye mkopo mchanga asingoje.

Alivyosema imamu

Kabla ya kupanga chochote, Karani alikwenda kwa imamu wa msikiti wao. Alikuwa na swali lililomkera: je, mtu aliyeingia katika mkopo wa riba afanyeje? Aikimbie benki? Aiuze nyumba? Awaachie?

Imamu alimkumbusha kwanza kwamba katazo la riba limo katika aya za mwisho mwisho za Suratul Baqara, na onyo lake ni zito mno, basi asijitafutie visingizio. Atubu, ajute, na aazimie kutorudia. Kisha akamwambia kuwa toba haimpi mtu ruhusa ya kukimbia fedha za watu alizozichukua kwa mkono wake. Deni la msingi ni amana shingoni. Njia ya mwenye kutubu, kwa maneno ya imamu yule, ni kutoka ndani ya mkataba huo haraka kadiri awezavyo, asibaki ndani yake hata siku moja kwa ajili ya starehe.

Wanazuoni wamelijadili suala la mikopo ya nyumba kwa urefu. Mwaka 1999 Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti lilitoa rai kwamba Waislamu wanaoishi katika nchi zisizo za Kiislamu, wasiokuwa na njia nyingine ya kupata makazi, wanaweza kuchukua mkopo wa benki kwa kanuni ya dharura na haja. Wanazuoni wengi wakaipinga rai hiyo na wanaendelea kuipinga. Si kazi ya makala haya kuamua baina yao. Kila mtu amwulize mwanachuoni anayemwamini, amweleze hali yake kwa ukweli. Itoshe kusema kwamba pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja: hakuna anayesifu kukaa ndani ya deni hilo kwa muda mrefu kuliko ilivyo lazima.

Deni lenyewe, hata lisilo na riba, si jambo jepesi katika dini yetu. Tunajifunza kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiomba ndani ya swala kinga dhidi ya madhambi na madeni kwa pamoja. Tunajifunza kwamba aliwahi kujizuia kumswalia maiti aliyekuwa na deni dogo la dinari chache, hadi Abu Qatada (R.A.) alipojitolea kulibeba. Shahidi husamehewa kila kitu isipokuwa deni. Na katika Suratun Nisaa, yanapotajwa mafungu ya warithi hurejewa sharti kwamba wasia na deni vitangulie. Maana yake ni kwamba mtoto hana fungu katika nyumba ya baba yake mpaka wanaomdai baba yake wamalizwe. Mwenye kuacha nyumba iliyo rehani ameacha kwanza mdai, ndipo urithi.

Ipo pia bishara. Mwenye kuchukua mali za watu kwa nia ya kuzirejesha, Mwenyezi Mungu humsaidia kuzirejesha. Tumefundishwa hivyo katika hadithi iliyopokewa na Bukhari. Lakini nia huonekana kwa matendo, na kwa Karani na Muuguzi matendo yalianzia jikoni.

Daftari, bahasha na kibubu

Muuguzi ndiye aliyeshika kalamu. Alinunua daftari la shule, akaandika kila shilingi iliyoingia na iliyotoka kwa mwezi mzima wa Februari, bila ya kumkataza mtu kitu. "Nilitaka kwanza tujione katika kioo," anasema. "Mtu hawezi kupunguza kitu ambacho hajui kama kipo."

Kioo kiliwaonyesha mambo. Mume alikuwa akila chakula cha mchana mgahawani kila siku ya kazi. Akianza kubeba chakula cha nyumbani, zitabaki kama shilingi 45,000 kwa mwezi. King'amuzi cha kulipia, ambacho watoto walikitazama na wakubwa walikilalia, kilikuwa 30,000. Chipsi na soda za jioni, 30,000. Bodaboda za kwenda na kurudi kazini, 25,000, na Tanga ni mji wa baiskeli tangu zamani. Baiskeli ya mume ilikuwa imening'inia ukutani inaota kutu. Vocha za simu zilizozidi haja, 20,000. Jumla yake ikawa shilingi 150,000 kamili, na hakuna mtoto aliyepunguziwa uji wala ada.

Hapa pana nukta inayostahili kuzingatiwa. Uislamu haukutufundisha ubahili. Katika Suratul Furqan waja wema wanasifiwa kuwa wanapotoa matumizi hawafanyi israfu wala hawabani, bali hushika njia ya katikati. Kwa hiyo waliweka mambo matatu ambayo hayataguswa: matumizi ya mama yake mume aliyekuwa Pangani, sadaka ya Ijumaa hata ikiwa ndogo, na nyama au samaki mezani angalau siku mbili kwa wiki. "Nilimwambia mume wangu," anasema Muuguzi, "kama tutalipa deni la benki kwa kumdhulumu bibi wa watoto, tutakuwa tumehamisha deni, hatukulilipa."

Mshahara ulipoingia, kazi ya kwanza ilikuwa kugawa fedha katika bahasha: chakula, ada, umeme na maji, dawa, wazazi, sadaka. Bahasha ya benki ilijazwa siku hiyo hiyo na kupelekwa siku hiyo hiyo. Huo ndio msingi ambao wote wawili wanausisitiza. Fedha ya ziada ikingojewa mwisho wa mwezi haibaki. Ikitolewa mwanzo, nyumba hujipanga kwa kilichobakia. Watoto nao walipewa kibubu chao, na kila taa iliyozimwa chumbani kusiko na mtu ilihesabiwa. Mtoto wa pili, aliyekuwa na miaka tisa, akawa mkali kuliko mama yake.

Mtihani mkubwa ulikuwa Ramadhani. Inashangaza kwamba mwezi wa kupunguza kula ndio mwezi ambao katika nyumba nyingi gharama ya chakula hupanda: tambi, sambusa, kaimati, maandazi, matobosha, mihogo ya nazi na vinywaji vya kila rangi, kisha nusu yake ikamwagwa asubuhi. Waliamua futari iwe ya vitu viwili na uji, na siku ya kualika jirani iwe moja kwa wiki lakini iwe ya kushiba. Nguo za Idi zilishonwa na Muuguzi mwenyewe kwa cherehani ya dada yake.

Benki nayo ina masharti yake

Nia njema peke yake haitoshi. Walipoanza kuweka ile 150,000 ya ziada, walidhani kazi imekwisha. Baada ya miezi mitatu Muuguzi akaomba taarifa nyingine, akakuta deni limeshuka kwa mwendo ule ule wa kobe. Shilingi 450,000 zote zilikuwa zimekaa katika akaunti ya akiba zikisubiri kukatwa kama marejesho ya miezi ijayo. Riba ilikuwa ikiendelea kutozwa juu ya deni zima kana kwamba hawakulipa kitu. Benki haikuwa imevunja mkataba. Wao ndio hawakuandika maelekezo.

Kutokana na tukio hilo, haya ndiyo wanayowausia wenzao. Kwanza, soma mkataba kuona kama ipo tozo ya kulipa kabla ya muda, ni kiasi gani, na kama inahusu malipo madogo ya ziada au kumaliza deni lote. Pili, andika barua, uweke nakala iliyogongwa muhuri, useme wazi kwamba fedha ya ziada iingizwe kwenye deni la msingi siku ile ile. Tatu, benki ikikuuliza kama unataka rejesho la mwezi lipungue au muda wa mkopo ufupishwe, chagua kufupisha muda. Nne, omba taarifa ya mkopo kila baada ya miezi mitatu na uilinganishe na daftari lako. Tano, uliza kuhusu bima ya mkopo: inalipa katika hali gani, na mwenzako anajua karatasi zake ziko wapi?

Ipo na tahadhari ya kabla ya hayo yote. Mwenye madeni ya mitaani au mikopo midogo ya simu, ambayo gharama yake kwa mwezi mara nyingi huizidi kwa mbali ile ya mkopo wa nyumba, aanze kuyamaliza hayo. Na kabla ya kumpa mdai fedha ya ziada, iwepo akiba ya dharura ya angalau miezi mitatu ya chakula na marejesho. Fedha iliyokwisha kuingizwa kwenye deni la msingi hairudi mtoto anapougua usiku.

Barua ilipofika, mambo yakabadilika. Mwezi wa Februari 2015 deni lilikuwa limepunguzwa kwa shilingi 94,600 hivi kutoka katika rejesho la kawaida. Kwa ziada ile, kila mwezi likaanza kupungua kwa 244,600 na kuendelea, yaani zaidi ya mara mbili. Ipo miezi waliyoshindwa kuongeza chochote, kama ile miwili ya 2016 mtoto wao mdogo alipolazwa. Ipo miezi waliyozidisha, Muuguzi alipopokea zamu yake katika mchezo wa kupeana fedha wa wauguzi wenzake. Mwisho wa yote hesabu ilisawazika.

Kwa waliokopa kwa njia ya sharia

Mwaka 2010 familia hii haikuwa na nafasi ambayo ipo leo. Kenya benki za kwanza zinazofuata sharia kikamilifu zilianza kazi mwaka 2008, na hapa Tanzania Amana Bank ilifungua milango Novemba 2011. Leo wapo Waislamu wengi wenye nyumba walizozipata kwa njia hizo, nao huuliza kama kulipa mapema kunawafaa wao pia. Jibu linategemea aina ya mkataba.

Katika murabaha, benki hununua nyumba na kumuuzia mteja kwa bei ya juu inayojulikana tangu mwanzo, ailipe kwa awamu. Hapo hakuna riba inayozaliwa kila mwezi. Deni ni bei ya mauzo, na kulipa mapema hakuishushi bei hiyo kwa nguvu ya hesabu. Lakini mwenye kudai anaweza kusamehe sehemu ya deni kwa hiari yake. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, lilikubali kwamba kupunguziwa deni la baadaye kwa sababu ya kulipwa haraka kunajuzu, maadamu hakukuwekwa sharti hilo tangu awali, na uhusiano uwe baina ya mdai na mdaiwa tu. Kwa hiyo mteja wa murabaha anayetaka kumaliza mapema aende akaombe msamaha huo kwa adabu, asiudai kama haki yake.

Katika ushirika unaopungua, benki na mteja huimiliki nyumba kwa pamoja. Mteja hununua hisa za benki kidogo kidogo, na hulipa kodi kwa sehemu ambayo bado ni ya benki. Hapa mwenye kununua hisa nyingi mapema hupunguza kodi ya miezi inayofuata, basi juhudi kama ya Karani na Muuguzi humletea matunda ya wazi. Aulize tu mkataba unaruhusu kununua hisa za ziada mara ngapi kwa mwaka.

Na katika yote, kutoka katika deni kuna faida isiyohesabiwa kwa shilingi, nayo ni kuondoka kwa dhima shingoni.

Gharama isiyoandikwa katika daftari

Tusingekuwa wakweli kama tungesema njia hii haikuwa na maumivu. Mwaka 2017 mdogo wake Karani alioa. Kamati ya harusi ilimpangia kaka mtu mchango wa shilingi laki tano, kiasi ambacho kila mmoja katika ukoo alikiona cha kawaida. Alitoa laki moja na mchele wa walima. Mdogo mtu aliona ni dharau.

"Hakunipigia simu mwaka mzima," anasema Karani. "Idi ilipofika nilikwenda kwake mimi. Nikamwambia, mdogo wangu, mimi nina deni, na nilikuwa naona haya kulitaja. Akanyamaza. Kisha akaniambia kwamba na yeye alikopa kwa ajili ya ile harusi, na bado analipa."

Tulimwuliza Muuguzi kama naye alikuwa na majuto. Alifikiri kwa muda, akasema: "Binti yetu mkubwa alitaka sana kwenda na wenzake safari ya shule Ngorongoro. Tulimkatalia. Fedha zingepatikana, kaka yangu, lakini mimi nilikuwa nimekuwa mkali kupita kiasi mwaka ule. Daftari lilikuwa limenitawala. Baadaye nilimwomba radhi. Mtu anaweza kufanya israfu katika kubana pia."

Maneno hayo tumeyaona yana thamani sawa na hesabu zote zilizotangulia. Mizani ya Suratul Furqan ina pande mbili, na mwenye kulikimbia shimo la upande mmoja huweza kutumbukia katika la upande wa pili.

Siku hati ilipotoka

Rejesho la mwisho lililipwa Oktoba 2020, miaka minne na miezi mitatu kabla ya tarehe iliyoandikwa katika mkataba. Kwa miezi ile ya mwisho walilipa takriban shilingi milioni 39 badala ya milioni 50 zilizokuwa zikiwangoja. Milioni 11 na zaidi zilibaki katika familia. Sehemu yake imelipia chuo cha yule binti.

Lakini kulipa si mwisho wa kazi, na hapa wengi husahau. Walichukua barua ya benki inayothibitisha kwamba mkopo umemalizika, pamoja na hati ya kuondoa rehani, wakaifuatilia hadi kwa Msajili wa Hati ili alama ya rehani ifutwe katika daftari la serikali. Mwenye kuiacha hati benki, au kuichukua bila ya kufuta rehani, huwaachia warithi wake mzunguko wa ofisi hadi ofisi.

Jioni ya siku ile waliyoleta hati nyumbani, hawakufanya sherehe. Walikaa juu ya mkeka ule ule wa mwaka 2015. Mume akamkabidhi mke wake ile bahasha ya kaki na kumwambia aiweke anapojua yeye. Muuguzi akaifungua, akaisoma yote, ukurasa kwa ukurasa, safari hii bila ya haraka. Kisha akachukua ukurasa mpya katika daftari lake akaandika wosia wa familia: nani wanadai, nani wanadaiwa, karatasi ziko wapi. Wote wawili wakatia saini mbele ya imamu na mashahidi wawili.

Ndugu msomaji, Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ni ndefu kuliko aya zote za Kitabu, inahusu kuandikwa kwa deni. Mwenyezi Mungu (S.W.) hakuona kuwa jambo hilo ni dogo. Basi usiku wa leo, baada ya Isha, mwite mwenza wako. Zitoeni karatasi kabatini. Someni kiasi kilichobaki, na mjue kila shilingi inakwenda wapi. Huenda mtakachokiona kikawatia huzuni, lakini huzuni ya watu wawili walioketi pamoja ni nyepesi kuliko mshangao wa mjane mmoja barazani.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atukidhie madeni yetu, atutosheleze kwa halali yake tusiihitaji haramu, na asitutoe duniani na haki za watu zikiwa shingoni mwetu. Amin.

Wabillahi Tawfiq.